CHUMVI: KIPIMO TULICHOUSIWA NA KIPIMO TUNACHOKULA

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Jumuiya, Uganda

Bismillahi Rrahmani Rrahim.



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake Muhammad, S.A.W., napenda kuishukuru Halmashauri kwa kunipa heshima ya kusema mbele yenu siku ya leo. Nimetakwa niseme machache juu ya siha, nami nimechagua kitu ambacho hakikosekani katika nyumba ya tajiri wala ya maskini, nacho ni chumvi. Pengine yuko atakayeona kuwa jambo hili ni dogo mno kwa mkutano mkubwa kama huu. Namwomba astahamili kidogo. Hapana hata mmoja katika baraza hii asiyemjua mtu aliyeamka asubuhi mzima, akaenda dukani au shambani kwake, na kabla ya adhuhuri akarudishwa nyumbani amebebwa, nusu ya mwili imekufa ganzi na ulimi hautamki. Jambo linaloleta misiba ya namna hiyo majumbani mwetu si dogo.

Kwanza inafaa tukumbuke kuwa chumvi ni neema. Qurani Tukufu imezitaja bahari mbili, moja ya maji matamu na moja ya maji ya chumvi, kuwa ni dalili za uweza wa Mola. Na katika hadithi iliyopokewa na Ubada bin Swamit, ambayo Imam Muslim ameitia katika Sahihi yake, Mtume S.A.W. ametaja vitu sita ambavyo haifai kubadilishana kimoja kwa cha jinsi yake ila kwa kipimo kilicho sawa: dhahabu, fedha, ngano, shayiri, tende na chumvi. Tazameni chumvi ilivyowekwa safu moja na dhahabu, na tazameni kuwa hukumu yenyewe ni hukumu ya kipimo. Dini yetu, basi, tangu hapo imetufundisha kuwa chumvi ni kitu cha kupimwa.

Wazee wetu wa nchi hizi hawakuhitaji kufundishwa thamani yake. Tangu karne nyingi watu walikuwa wakitoa chumvi katika ziwa la Katwe, lililo ndani ya shimo la mlima wa moto uliozimika, karibu na ziwa Edward. Walichimba vijibwawa pembezoni mwa ziwa, wakayaacha maji yakauke kwa jua, kisha wakaikusanya chumvi. Na wengine wakiingia ziwani wakakata mabonge ya chumvi yaliyogandamana chini. Kule Kibiro, kando ya ziwa Albert, wanawake walikuwa wakikusanya udongo wa chumvi, wakauchuja kwa maji ndani ya vyungu, na maji yale wakayachemsha mpaka ibaki chumvi tupu. Chumvi hiyo ilisafirishwa mbali kwa mitumbwi na kwa vichwa vya wachukuzi, ikabadilishwa kwa vyakula, mifugo na majembe. Wafalme waliigombania Katwe, na Lugard alipofika huko mwaka 1891 alijenga ngome mahali hapo.

Kitu kilichobebwa kichwani kwa siku nyingi hakimwagwi ovyo chunguni. Mpishi wa zamani alitia chumvi kwa mkono mwepesi kwa sababu chumvi ilikuwa ghali, na hivyo ughali wenyewe ndio uliokuwa kipimo chake. Leo chumvi ni katika vitu rahisi kabisa madukani. Magari yanatuletea hata ile inayokaushwa kwa maji ya bahari huko pwani ya Kenya, upande wa Malindi. Kipimo kile cha ughali kimeondoka, na mahali pake hatujaweka kingine. Hilo ndilo ninalotaka tulifikiri leo.

Basi kipimo kinachofaa ni kipi? Shirika la Afya Duniani limeusia kuwa mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku moja, nazo ni kiasi cha kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa juu. Ndani ya chumvi kuna madini yaitwayo sodiamu, nayo ndiyo yenye kudhuru yakizidi. Gramu 5 za chumvi zina gramu 2 za sodiamu. Watoto kipimo chao ni kidogo zaidi, kwa kadiri ya miili yao. Na fahamuni kuwa kijiko hicho kimoja ni cha vyakula vyote vya siku hiyo: iliyotiwa katika mchuzi, iliyomo katika mkate, iliyonyunyizwa juu ya nyama, na iliyofichwa ndani ya vitu vya pakiti. Mwili wenyewe, kwa haja yake hasa, unatosheka na gramu moja au mbili.

Huenda mtu akauliza: chumvi aliyokula mtu hujulikanaje, hali imekwisha kuyeyuka chakulani? Wataalamu hukusanya mkojo wa mtu wa saa 24 wakaupima, kwa sababu karibu sehemu tisa katika kumi za sodiamu tunayokula hutoka kwa njia hiyo. Ulimi waweza kudanganya, na mtu akiulizwa hula kidogo kuliko anavyokula kweli. Mkojo hausemi uwongo.

Kwa vipimo vya namna hiyo imeonekana kuwa wanadamu wamevuka mpaka kwa mbali. Hesabu iliyofanywa kwa mwaka 2010 ilikisia kuwa katika nchi 187, nchi 181 watu wake walikuwa wakila, kwa wastani, zaidi ya kipimo kilichousiwa. Na katika taarifa yake ya mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema kuwa wastani wa mtu mzima ulimwenguni ni gramu 10.8 za chumvi kwa siku, yaani zaidi ya mara mbili ya kiasi kinachofaa. Taarifa hiyo hiyo ilikisia kuwa watu wapatao milioni 1.9 hufa kila mwaka kwa sababu zinazofungamana na kula sodiamu nyingi.

Na sisi je? Haifai mtu kuwatisha wenzake kwa jambo lisilo kweli, basi nasema ilivyo. Katika makisio ya mwaka 2010 sehemu zetu za Afrika Mashariki zilihesabiwa miongoni mwa zile zenye kula chumvi kidogo kuliko nyingine. Lakini kidogo kuliko wengine si sawa na kidogo kwa kipimo. Wataalamu waliokusanya pamoja uchunguzi wa nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara, na taarifa yao ikatolewa mwaka 2016, waliona kuwa watu wa mahali pengi wamepita mpaka, na kuwa wakaao mijini hula chumvi zaidi kuliko wa mashambani. Nasi sote twajua watoto wetu wanakoelekea: wanaelekea mjini.

Juu ya safari hiyo ya mjini kuna uchunguzi mmoja uliofanywa kwa jirani zetu wa Kenya, nao unastahili kujulikana na kila mzazi. Katika uchunguzi mkubwa uliotangazwa mwaka 1988, uliopima watu zaidi ya 10,000 katika mahali 52 pa nchi 32, wanakijiji wa Kenya walikuwa katika makundi manne tu yaliyokula chumvi kidogo sana. Na damu ya watu wa makundi hayo ilikuwa na shindikizo dogo, isipande sana kwa uzee kama ipandavyo kwa wengine. Kisha, katika taarifa ya mwaka 1990, wataalamu walieleza jinsi walivyowafuata Waluo waliotoka mashambani kwenda kukaa Nairobi, wakawalinganisha na ndugu zao waliobaki nyumbani. Haukupita muda mrefu tangu kufika mjini ila shindikizo la damu la wale wahamiaji lilianza kuwa juu kuliko la wenzao. Na mkojo wao ulionyesha kuwa sasa wanakula sodiamu zaidi na potasiamu kidogo. Ukoo ni ule ule na damu ni ile ile. Kilichobadilika ni maisha, na chakula kikiwa sehemu yake kubwa.

Nieleze kwa ufupi namna chumvi inavyodhuru. Sodiamu huyavuta maji. Ikizidi mwilini, maji nayo huzidi ndani ya mishipa, na moyo ukalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Figo hujitahidi kuitoa ile iliyozidi; lakini kazi hiyo ikiwa ya kila siku, mwaka baada ya mwaka, mishipa hukakamaa, moyo huchoka, na figo zenyewe huharibika. Mwisho wake ni kiharusi, au ugonjwa wa moyo, au figo kushindwa kazi. Potasiamu iliyomo katika ndizi, viazi, maharage na mboga za majani huusaidia mwili kuitoa sodiamu. Matoke na maharage, basi, ni chakula chema, madhali hatukuvizamisha katika chumvi.

Khatari ya ugonjwa huu ni kuwa hauna kelele. Uchunguzi uliofanywa Uganda nzima mwaka 2014 ulionyesha kuwa kiasi cha mtu mzima mmoja katika kila wanne alikuwa na shindikizo kubwa la damu, na walio wengi kabisa miongoni mwao hawakuwa wakijua. Mtu hahisi kitu. Anakula, anacheka, anasali safu ya mbele, hali ugonjwa unamla kwa ndani. Sisemi kuwa chumvi peke yake ndiyo inayoleta haya, kwani unene, tumbaku, ulevi, kukaa bila ya kutumia mwili na urithi wa wazazi vyote vina sehemu yao. Lakini urithi hatuwezi kuubadili, na chumvi iko mkononi mwetu.

Sasa tuitafute inapojificha. Katika Ulaya na Marekani karibu robo tatu ya chumvi huwa imekwisha kutiwa na viwanda kabla chakula hakijafika nyumbani. Kwetu sisi nyingi hutiwa jikoni na mezani kwa mikono yetu. Iko katika mchuzi, katika nyama ya kuchoma, katika mihogo na viazi vya kukaanga, na katika chapati ya mayai inunuliwayo barabarani. Iko katika samaki waliokaushwa kwa chumvi. Siku hizi imeongezeka ile ya vidonge vya kutia ladha mchuzi: kidonge kimoja cha gramu 4 chaweza kuwa nusu yake na zaidi ni chumvi, na mpishi hutia viwili au vitatu, kisha akatia chumvi ya kawaida kama kwamba hakutia kitu. Hata mkate, ambao ulimi hauuoni kuwa na chumvi, unayo, na mtu aulaye kila asubuhi anaikusanya.

Naomba kila mama na kila baba wa nyumba afanye hesabu hii rahisi. Nyumba yenye watu wazima sita, kila mmoja kwa gramu 5, haki yao ni gramu 30 kwa siku. Pakiti ya nusu kilo, basi, yapasa iwatoshe siku 16 na zaidi; na kama wanakula pia mkate, samaki wa chumvi na vidonge vya mchuzi, yapasa iwatoshe muda mrefu zaidi kuliko huo. Andikeni juu ya pakiti tarehe mliyoifungua. Ikiwa imekwisha kwa wiki moja, na haikumwagika wala haikuazimwa na jirani, basi nyumba hiyo inakula zaidi ya mara mbili ya kipimo. Hesabu hii haihitaji daktari wala mashine.

Najua kuwa kuna hoja tatu zitakazotolewa juu ya maneno yangu, nami nazijibu mapema.

Ya kwanza ni ya wale wanaosema kuwa imepokewa hadithi, ya kuwa Mtume S.A.W. alimwusia Sayyidna Ali aanze chakula kwa chumvi na kumalizia kwa chumvi, kwani ni dawa ya maradhi sabini. Ndugu zangu, maneno hayo wanavyuoni wa hadithi wameyakataa. Ibn al-Jawzi ameyatia katika kitabu chake alichokusanya hadithi za kuzuliwa. Si halali kumnasibishia Mtume wetu jambo asilolisema, na ni msiba juu ya msiba ikiwa kwa uzushi huo mtu mwenye maradhi ya damu atazidisha kitu kinachomdhuru akidhani anafuata Sunna. Tulilonalo la hakika ni lile la Sura ya Al-A'raf, ambamo tumeruhusiwa kula na kunywa na tukakatazwa israfu.

Hoja ya pili ni kuwa nchi zetu zina joto, tunatoka jasho, na kwa hiyo tunahitaji chumvi nyingi. Mwili uliozoea joto huihifadhi chumvi yake, na chakula chetu cha kawaida chatosha kurudisha iliyopotea. Aliyeshikwa na kuhara, hasa mtoto, huyo ana hukumu yake, na apewe maji ya chumvi na sukari kwa kipimo kama wanavyofundisha wauguzi. Hata dawa hiyo ikizidishwa chumvi hugeuka madhara.

Hoja ya tatu ni ya madini ya iodini. Nchi za bara zilizo mbali na bahari zilikuwa na ugonjwa mwingi wa tezi la shingo, na tangu miaka ya 1990 sheria ya Uganda imetaka chumvi ya kuliwa itiwe iodini. Hilo ni jambo jema, na tununue chumvi iliyotiwa iodini. Lakini wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wanasema mambo haya mawili yanakubaliana: watu wakipunguza chumvi, kiasi cha iodini kinachotiwa ndani yake chaweza kurekebishwa ili haja itimie.

Sasa nina neno kwa waume wenzangu. Mara nyingi mama wa nyumbani hupunguza chumvi kwa kuusikia ushauri wa daktari, na mume akionja tonge la kwanza hukunja uso, akasema chakula hakina ladha, akaitisha kikopo cha chumvi mbele ya watoto. Imepokewa na Abu Hurayra, na Bukhari na Muslim wameithibitisha, kuwa Mtume S.A.W. hakukitia ila chakula kamwe. Alipokipenda alikula, na asipokipenda alikiacha. Hiyo ndiyo Sunna ya mezani iliyo sahihi. Na ulimi ni mwanafunzi. Ukipunguziwa chumvi kidogo kidogo, baada ya wiki chache huzoea, na chakula cha zamani ukauona kuwa chachu ya chumvi. Ndimu, kitunguu thaumu, tangawizi, bizari, pilipili na nyanya nzuri vitausaidia katika masomo yake.

Katika mwezi wa Ramadhani jambo hili huonekana wazi zaidi. Mtu amefunga kutwa. Magharibi anazikabili sambusa, bajia, supu ya vidonge na nyama iliyokolea chumvi, kisha daku kadhaalika. Mchana wake hupata kiu kikali akadhani ni taabu ya saumu, na kumbe ni taabu ya daku yake. Mwenye ugonjwa wa damu au wa figo na amwulize daktari kabla ya mwezi kuandama, wala asiache dawa zake kwa shauri la mtaani.

Tusidhani kuwa haiwezekani watu wote wa nchi kubadilika. Wanaume wa Finland mwaka 1979 walikuwa wakila kiasi cha gramu 13 za chumvi kwa siku, na kufika mwaka 2002 wakashuka chini ya gramu 10, kwa mafunzo na kwa sheria ya kuandika juu ya vyakula vyenye chumvi nyingi. Bado hawajafika, lakini wamekwenda. China nayo, katika vijiji 600, watu wapatao 21,000 waliokuwa na khatari ya kiharusi walifuatwa kwa miaka; nusu ya vijiji vilipewa chumvi ambayo robo yake ilikuwa ya potasiamu. Taarifa ya mwaka 2021 ikaonyesha kuwa viharusi vilipungua kwa asilimia 14 miongoni mwa walioitumia. Chumvi ya namna hiyo haimfai mwenye ugonjwa wa figo, basi mtu asiinunue bila ya kuuliza.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nataka kumaliza kwa kuiomba Jumuiya ikubali mambo manne. Kwanza, katika karamu zetu zote za Maulidi, za futari na za ndoa zinazopikwa kwa mikono ya Jumuiya, chumvi ipimwe kwa kijiko na mpishi mmoja aliyepewa dhamana, na kikopo cha chumvi kisiwekwe mezani. Pili, angalau mara moja kila miezi mitatu, baada ya sala ya Ijumaa, wauguzi miongoni mwa vijana wetu wapime shindikizo la damu kwa wanaume na kwa wanawake, kila upande kwa sitara yake. Tatu, walimu wa madrasa wawafundishe watoto kipimo cha kijiko kimoja, kama wanavyowafundisha adabu nyingine za kula. Nne, anayefika hospitali akaandikiwa dawa ya damu, jamaa zake wamsaidie adumu nayo, kwani kupunguza chumvi hakumwondolei mgonjwa haja ya dawa.

Mambo haya hayana gharama kubwa. Tunachangishana fedha nyingi tunapomlaza ndugu yetu hospitali, na tunachangishana tena tunapomzika na kuwatazama mayatima wake. Na hayo ni wajibu wetu wala hatuchoki nayo. Lakini kheri kubwa zaidi ni kumwacha baba huyo akae na watoto wake mpaka awaone wameoa na kuolewa. Miili yetu ni amana, na siku ya kuulizwa juu ya amana tutaulizwa pia juu ya kile tulichokijua tukakidharau kwa sababu ya udogo wake.

Mwenyezi Mungu awape siha wagonjwa wetu, awarehemu waliotutangulia, aibariki Jumuiya yetu na kuwaongoza wanaoitumikia.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.